Msimu wa mtoto usiwe wa alasiri moja

Kila mwaka, muhula wa pili unapoanza, shule zetu huingiwa na shamrashamra za michezo. Viwanja hufyekwa, wavu ulioliwa na panya hutolewa stoo ukashonwa, na walimu huanza kuorodhesha majina ya wale watakaoiwakilisha shule katika kandanda, netiboli na voliboli. Magazeti nayo hujiweka tayari kuripoti mashindano ya kaunti, ya maeneo na hatimaye ya kitaifa. Hata hivyo, kuna swali moja ambalo sijabahatika kulisoma katika kurasa za michezo wala kulisikia likijadiliwa katika mikutano ya walimu wakuu: je, msimu wa mtoto wa kawaida, yule ambaye jina lake halitafika gazetini, huwa na urefu gani?

Jibu lake halihitaji mtaalamu wa takwimu. Tuchukue shule 16 katika zoni moja, zikutanishwe kwa mtindo wa mtoano, anayeshindwa arudi kwao. Mechi zitakazochezwa zitakuwa 15. Shule 8 zitaondoka baada ya mechi moja tu, 4 baada ya mechi mbili, 2 baada ya tatu, na ni mbili pekee zitakazocheza mechi nne. Kwa maneno mengine, nusu ya watoto wote waliotoka jasho uwanjani tangu Januari watapata mechi moja, basi. Msimu wao ni wa alasiri moja.

Dai langu katika makala haya ni jepesi kulieleza, ingawa huenda likawa zito kulitekeleza. Nasema kwamba mpangilio huu unawanyima watoto kitu kile kile ambacho sisi wazazi na walimu hudai kwamba tunawapeleka uwanjani wakakitafute. Tunasema tunataka wajifunze kushindwa, kushirikiana na kustahimili, kisha tunawafungia mlango mara tu somo linapoanza.

Mimi ni mwalimu wa isimu katika chuo kikuu, na michezo si taaluma yangu. Kilichonisukuma kushika kalamu ni msimu wa mpwa wangu, binti wa dada yangu, aliyechaguliwa katika timu ya voliboli ya shule yake huko Mariakani alipokuwa Gredi ya 7. Jina lake na la shule yake nayaweka kando kwa sababu habari hii si yake peke yake. Ni ya maelfu ya watoto kutoka Lunga Lunga hadi Lodwar.

Msomaji aliyepata kusafiri kwa barabara kutoka Mombasa kwenda Nairobi anaifahamu Mariakani kwa mizani yake, pale ambapo malori hupiga foleni yakisubiri kupimwa uzito. Mji huu umo katika Kaunti ya Kilifi, lakini hauna bahari, wala haujui ule mchanga mweupe unaowavuta wageni Malindi na Watamu. Una kambi ya jeshi, una viwanda vya mabati na vyuma, na tangu mwaka wa 2017 una stesheni ya reli mpya. Wenyeji wake ni Waduruma na Wagiriama, nao Wakamba wamekuwa majirani zao katika sehemu hizo tangu karne ya kumi na tisa. Ajira, jeshi na barabara vimewaleta wengine kutoka kila pembe ya nchi. Matokeo yake ni kwamba timu ya wasichana 12 ambayo mpwa wangu aliingia ilikuwa na lugha za nyumbani zisizopungua tano. Lugha ya uwanjani ilikuwa Kiswahili.

Hapo ndipo sikio langu la kitaaluma liliposimama. Katika voliboli, au mpira wa wavu kama wengine wapendavyo kuuita, mchezaji anayetaka kuupokea mpira sharti apaze sauti kabla ya kunyoosha mikono. Wasichana waliolelewa Mariakani na vijiji vyake walipiga kelele, "Wangu!" Wale waliohamia kutoka miji ya bara walisema, "Yangu!" Wanafunzi wanaosoma safu hii wanajua chanzo cha tofauti hiyo. Wa kwanza wameliacha neno mpira katika ngeli yake ya U-I, ilhali wa pili wamelihamishia ngeli ya I-ZI, kama isemwavyo mitaani Nairobi. Mwalimu wa timu hakumrekebisha yeyote. Baada ya majuma kadhaa ya mazoezi nilipowatembelea tena, niliwakuta wote 12 wakisema "Wangu!" Hapakuwa na ubao wala mtihani. Waligundua wenyewe kwamba panapotumika neno moja, hapana anayekawia kulielewa.

Lakini nilitambua jambo jingine lililo muhimu zaidi kuliko sarufi. Neno "wangu" kwa kawaida ni neno la umiliki. Kalamu yangu, daftari langu, kiti changu. Katika voliboli, hata hivyo, hakuna anayemiliki mpira, maana sheria zinakataza kuushika. Anayesema "wangu" hasemi kwamba mpira ni mali yake. Anasema, "Mzigo huu niachieni mimi, ukianguka, nilaumiwe mimi." Mpwa wangu alikuwa msichana wa kunong'ona. Mwalimu wake wa Kiswahili aliniambia kwamba kusoma kwa sauti mbele ya darasa kulimtoa jasho. Uwanjani, kunong'ona hakuna faida. Asiyesema husababisha wawili kugongana vichwa, au mpira huanguka katikati ya watu wawili wanaotazamana. Kwa hiyo alilazimika kujifunza kusema, tena kusema mapema, na kusema akiwa na nia ya kutimiza alichokisema. Ni watu wazima wangapi miongoni mwetu wanaoijua kanuni hiyo?

Sheria nyingine za mchezo huu nazo zina mafunzo yake. Timu ina nafasi ya kuugusa mpira mara tatu tu kabla ya kuurudisha upande wa pili, na mchezaji mmoja haruhusiwi kuugusa mara mbili mfululizo. Maana yake ni kwamba hata awepo msichana mwenye kipaji cha ajabu, hawezi kuuchukua mpira akaenda nao peke yake kama wafanyavyo baadhi ya washambuliaji wa kandanda. Lazima mwenzake ampokelee, na mwingine amwinulie, ndipo yeye apige smashi. Tena kuna mzunguko: kila timu inapoipokonya nyingine haki ya kuanzisha mpira, wachezaji husogea nafasi moja. Aliyekuwa mbele wavuni atarudi nyuma, na kila mmoja atafikiwa na zamu ya kupiga sevu. Isipokuwa yule mlinzi maalumu anayeitwa libero, ambaye aliingizwa katika sheria za kimataifa mwaka wa 1998, hakuna aliyeandikiwa kukaa nyuma daima. Mzunguko humpa kila mmoja zamu ya mbele, na humrudisha kila mmoja nyuma.

Tusisahau pia nia ya aliyeuanzisha. William G. Morgan aliubuni mchezo huu mwaka wa 1895 katika mji wa Holyoke, Marekani, miaka minne baada ya mpira wa vikapu kubuniwa. Alikusudia uwe mchezo wa watu ambao waliuona mpira wa vikapu kuwa na purukushani nyingi mno. Hapo awali hata idadi ya wachezaji haikuwekewa kikomo. Ulikuwa mchezo wa kuwaingiza watu wengi, si wa kuwachuja.

Sasa natutazame jinsi sisi tunavyowachuja. Mpwa wangu na wenzake walifanya mazoezi tangu Januari, mara tatu kwa juma, jua la Mariakani lilipopoa. Ilipowadia siku ya mashindano ya zoni, walipanda matatu iliyokodiwa kwa michango ya wazazi, wakafika asubuhi, wakangoja hadi baada ya saa nane mchana ndipo wakaitwa uwanjani. Walishindwa kwa seti mbili kwa nunge: 25 kwa 19, kisha 25 kwa 22. Mechi nzima ilichukua kama dakika 40. Mpwa wangu aliingizwa katika seti ya pili, akapiga sevu mbili. Moja ikakwama wavuni, ya pili ikavuka. Katika wasichana 12 waliovaa jezi siku hiyo, waliougusa mpira walikuwa wanane. Wanne walikuwa wamefanya mazoezi kwa miezi mitano ili wakae benchi kwa dakika 40.

Yafaa kueleza hapa kwamba zamani mambo yalikuwa tofauti kidogo. Kabla ya mageuzi ya sheria ya mwishoni mwa miaka ya 1990, pointi ilipatikana na upande ulioanzisha mpira peke yake, na seti iliisha mtu akifika 15. Seti iliweza kuvutwa na kuvutana hadi watazamaji wachoke. Siku hizi kila mpira unaochezwa una pointi yake, na mechi ya seti mbili huisha upesi. Mageuzi hayo yaliupendeza ulimwengu wa televisheni, wala siyalaumu. Lakini kwa mtoto ambaye msimu wake wote ni mechi moja, yamemfupishia hata hicho kidogo alichokuwa nacho.

Tulipokuwa tukirudi, mpwa wangu aliniuliza: "Mjomba, sasa tutacheza lini tena?" Nilimwambia ukweli, kwamba ni mwakani. Alinyamaza mpaka tukaiona mizani.

Wahenga walisema kwamba asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali hii husomwa katika kila hotuba ya kufunga mashindano, na mgeni wa heshima asiyeitaja huonekana hakujiandaa. Siipingi. Nauliza tu: mtoto atajifunzia wapi kukubali kushindwa? Kukubali si kupewa mkono na refa kisha kupanda gari. Aliyeshindwa hukubali pale anaporudi siku ya pili akijua kilichomshinda, akakifanyia kazi, akasimama tena mbele ya yule yule aliyemshinda. Kushindwa mara moja, tena kwa mara ya mwisho, ni kufukuzwa, na anayefukuzwa hujifunza jambo moja tu, nalo ni kwamba mahali pale si pake.

Pengine msomaji atasema kwamba hayo ni maneno ya mjomba mwenye huruma kwa mpwawe, na kwamba ulimwengu wa mashindano hauna huruma. Basi natuutazame ulimwengu huo wenyewe. Timu yetu ya taifa ya wanawake, Malkia Strikers, ilishiriki Michezo ya Olimpiki kwa mara ya kwanza mjini Sydney mwaka wa 2000. Ilicheza mechi tano ikashindwa zote tano. Ilirudi Athens mwaka wa 2004, ikacheza tano, ikashindwa zote. Katika michezo ya Tokyo, iliyoahirishwa hadi 2021 kwa sababu ya korona, ilishindwa tena mara tano. Paris, mwaka wa 2024, ilishindwa mara tatu. Jumla ni mechi 18 za Olimpiki bila ushindi hata mmoja.

Je, hii ni timu hafifu? Hasha! Ndiyo timu iliyotwaa ubingwa wa Afrika mara 10, kuanzia mwaka wa 1991 hadi ule wa 2023 ilioupata mjini Yaoundé. Ninachotaka msomaji akione ni hiki: waandaaji wa Olimpiki, walio kilele cha mashindano ya dunia nzima, hawakuwaambia wasichana wetu wafunge virago baada ya kushindwa siku ya kwanza. Waliziweka timu katika makundi, kila moja ikahakikishiwa mechi tano, na baadaye tatu, kabla ya mchujo kuanza. Dunia imeona kwamba anayesafiri kuja kucheza anastahili kucheza. Iweje basi mabingwa wa Afrika, watu wazima wanaolipwa, wapewe mechi tano za kushindwa, na mtoto wa miaka 13 wa Mariakani apewe moja?

Yaliyofuata baada ya siku ile ya zoni ndiyo yaliyonishawishi kwamba dawa ipo, na kwamba haigharimu mamilioni. Walimu wa michezo wa shule nne zilizo karibu karibu, bila kungoja barua kutoka ofisi yoyote, walikubaliana kuchezesha timu zao kila Jumamosi asubuhi. Kila timu ilikutana na nyingine mara mbili, nyumbani na ugenini. Hizo ni mechi 12 kwa jumla, mbili kila Jumamosi, kwa Jumamosi sita. Watoto walikwenda kwa miguu. Miongoni mwa shule hizo ilikuwamo ile iliyowatoa akina mpwa wangu katika mtoano.

Gharama zake nimezihesabu mwenyewe. Uwanja wa voliboli una urefu wa mita 18 na upana wa mita 9. Uwanja mmoja wa kandanda ungeweza kumeza viwanja zaidi ya 40 vya namna hiyo, ukiacha nafasi ya pembeni. Nguzo zilikuwa miti ya mwarobaini, mistari ilichorwa kwa majivu na kunyooshwa kwa kamba ya katani, na wavu mkuukuu ulishonwa na mzazi mmoja aliyewahi kufanya kazi ya uvuvi. Kitu pekee kilichonunuliwa dukani kilikuwa mpira. Maji yaliletwa kwa mitungi, na akina mama walichangia mahamri na mbaazi. Nguvu kubwa iliyotumika ilikuwa ya walimu, ambao walizitoa Jumamosi zao bila malipo. Nawavulia kofia, ingawa nitasema hivi punde kwamba mambo hayapaswi kubaki hivyo.

Timu ya mpwa wangu haikuwa bingwa. Katika mechi sita ilishinda mbili. Lakini ushindi wake wa pili ulipatikana dhidi ya ile shule iliyowatoa, kwa seti mbili kwa moja, baada ya kushindwa nayo tena Jumamosi ya kwanza. Ilipofika Jumamosi ya sita, wasichana wote 12 walikuwa wamecheza, wakiwemo wale wanne wa benchi. Sitadai kwamba alama za darasani zilipanda, maana sikuzitazama. Ninachoweza kushuhudia ni kwamba sauti ya yule msichana wa kunong'ona ilisikika mpaka barabarani akisema "Wangu!", na kwamba katika muhula wa tatu alijitolea kuisoma taarifa ya timu mbele ya gwaride la asubuhi. Aliyemfundisha kusema ni mpira uliomjia mara nyingi, juma baada ya juma, hadi hofu ikachoka. Papo kwa papo kamba hukata jiwe.

Najua pingamizi zitakazotolewa, na sitazikwepa. Ya kwanza ni ya masomo. Chini ya mfumo wa 8-4-4, ulioanza mwaka wa 1985, somo la mazoezi ya viungo lilikuwamo katika ratiba lakini halikutahiniwa katika KCPE, na sote tunajua vipindi vyake viliporwa na Hisabati na Kiingereza. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka wa 2023. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi ya mfumo huo umeitambua michezo rasmi, kwani katika shule ya upili ya juu mmoja wa mikondo mitatu ambayo mwanafunzi huchagua ni ule wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Basi nauliza: mtoto wa Mariakani atajuaje kwamba ana kipawa cha kuufuata mkondo huo ikiwa amecheza dakika 40 katika mwaka mzima? Hatuwezi kumpima mtoto katika Hisabati kwa swali moja kila mwaka. Kwa nini tumpime hivyo uwanjani?

Pingamizi ya pili ni ya fedha. Hapa napenda kusema kwamba mtoano ndio ulio ghali, si ligi ya jirani kwa jirani. Fedha nyingi huishia katika kukodi magari ya kwenda mbali kucheza mechi moja. Tukizigawa zile shule 16 katika makundi manne ya shule nne, kila shule itacheza mechi tatu, na makundi yote yatahitaji mechi 24. Ongeza nusu fainali mbili na fainali moja, jumla ni 27. Ni mechi 12 tu zaidi ya mtoano, na makundi yenyewe yanaweza kuchezwa vijijini, kabla ya siku ya kukutana mjini. Mwakilishi wa zoni atapatikana, na hakuna mtoto atakayekuwa amecheza mara moja.

Ya tatu ni ya usalama, hasa wa wasichana. Hili ni jambo zito na mzazi anayelitaja asipuuzwe. Lakini hata hapa, safari fupi ya mchana, kwa miguu, watoto wakiwa kundi moja pamoja na mwalimu wao na mzazi mmoja au wawili, ni salama kuliko kurudi usiku kwa gari kutoka mashindano ya mbali. Mcheza kwao hutunzwa, nao watoto wakichezea kwao, macho ya kijiji kizima huwa juu yao.

Ya nne, ambayo walimu hawaisemi kwa sauti, ni kwamba Jumamosi ni siku yao ya mapumziko. Wana haki. Si adili kuujenga mpango wa taifa juu ya sadaka za walimu wachache. Anayesimamia ligi ya watoto anapaswa kupunguziwa zamu nyingine, au alipwe marupurupu yanayoeleweka, na kazi hiyo ihesabiwe anapopandishwa cheo. Kinyume cha hayo, tutaendelea kuwasifu katika hotuba huku tukiwachosha.

Mapendekezo yangu basi ni matatu. Kwanza, Wizara ya Elimu pamoja na wanaosimamia michezo ya shule watoe mwongozo kwamba hakuna timu ya shule ya msingi au ya sekondari ya chini itakayoondolewa katika mashindano ya zoni kabla ya kucheza mechi tatu. Pili, serikali za kaunti, ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi shughuli na vifaa vya michezo katika maeneo yao, zitenge fungu dogo la kusawazisha viwanja na kununua nyavu na mipira. Kaunti ya Kilifi ina watoto wanaocheza ufukweni na wanaocheza katika vumbi la Bamba na Mariakani, na wote ni wake. Tatu, walimu wakuu wa shule jirani wasingoje miongozo hiyo. Watu wanne wanaweza kukaa chini ya mwembe kwa saa moja na kupanga Jumamosi sita.

Siandiki haya kwa kutarajia kwamba mpwa wangu atavaa jezi ya Malkia Strikers. Huenda asiivae kabisa, na hilo si hoja. Wengi wa watoto wetu watakuwa walimu, wauguzi, madereva wa malori yanayopimwa pale mizani, mafundi wa viwandani, wakulima wa Kaloleni na wafanyabiashara. Katika kazi hizo zote kutatokea siku ambapo mzigo unaanguka katikati ya watu wawili, na kila mmoja anamtazama mwenziwe. Nchi hii imechoka na watu wa kutazamana. Inamhitaji mtu aliyezoea tangu utotoni kusema "wangu" kwa maana ile ya uwanjani, kisha akanyoosha mikono. Mazoea hayo hayapatikani kwa dakika 40. Tuwape watoto msimu kamili.